Panya Katika Mfuko wa Josaphat

Wewe unayesoma, uligeuza shingo. Usikatae. Mwezi wa tatu wa mwaka 1999, watu wa Kabongo walipoingia Kamina na magodoro juu ya vichwa, wewe ulikuwa umetega sikio redioni kujua nani ameshika mji gani na mizinga imelia wapi. Hukuuliza majina ya watu wale yaliandikwa na nani. Hukuuliza yaliandikwa kwenye mashini gani, na kwa nini mashini ile ilikuwa imefungiwa ndani ya mfuko wa koti la mtu mmoja. Orodha haina mlio, ndiyo maana uliipita. Basi leo utaisikiliza mpaka mwisho. Utacheka, maana kuna ya kucheka. Lakini usicheke mpaka ukasahau kwamba uligeuza shingo.

Marthe Umba alikuwa mpiga mashini, dactylo, kama tunavyosema huku. Baba yake alikuwa mfunga breki wa treni, mume wake marehemu alikuwa fundi wa injini, na yeye mwenyewe alipiga mashini kwenye ofisi za reli miaka ishirini na miwili, mpaka ilipofika siku hakuna karatasi, hakuna utepe, na hakuna mtu wa kuamrisha barua. Katika mtaa wa reli walimwita Mama Tatata kwa mlio wa vidole vyake. Alipoketi kanisani akisikiliza mahubiri marefu, vidole vilikuwa vikipiga juu ya goti, na waliokaa karibu naye walijua kwamba anaandika mahubiri yale yote, tena bila kosa.

Vita vilipokaribia Kabongo na watu wakaanza kushuka, makanisa ya mji yaliunda Kamati ya Mapokezi katika darasa moja karibu na gare, stesheni ya treni. Marthe alikuja na mashini yake ya chuma. Mwezi wa kwanza jeshi likaja kuiazima kwa siku mbili. Bado wanaihesabu siku ya pili.

Kwa bahati ilifika ordinateri, yaani kompyuta, zawadi ya Wakristo wa mbali, imefungwa katika blanketi kama mgonjwa, pamoja na imprimante, mashini ya kuchapa, kuukuu ile ya sindano, inayopiga karatasi krrr-krrr kama kuku anayeparua bati. Na pamoja nayo akafika shefu wake, yaani mkubwa wake.

Josaphat Kisimba alikuwa katibu wa Kamati. Mwalimu wa zamani, mtoto wa familia ya Kimethodisti, tai shingoni hata jua likiwaka, Kifaransa kilichopigwa pasi. Alitumwa Lubumbashi siku tatu kujifunza ile ordinateri, akarudi anatembea polepole kuliko alivyoondoka. Mtu mbaya hakuwa. Hilo ndilo linaloudhi. Mtu mbaya utamfukuza siku moja. Mtu mwema mwenye funguo unamwamkia kila asubuhi.

Ujue kwamba hapa kwetu ofisi ni muhuri. Meza inaweza kukosa mguu, dirisha linaweza kukosa kioo, lakini mwenye muhuri ndiye ofisi, na akienda msibani, ofisi nayo imekwenda msibani. Saa kumi jioni muhuri unafungwa kwenye leso na kuingia mfukoni. Baba zetu waliona Wabelgiji wakifanya hivyo, wakadhani ni sehemu ya kazi. Josaphat alikuwa na muhuri wa Kamati, lakini aliporudi kutoka Lubumbashi alikuwa amepata kitu kikubwa kuliko muhuri: kile kidude chenye mkia kinachosogeza mshale kwenye kioo. Kwa Kifaransa jina lake ni souris, yaani panya, na panya ndivyo tulivyokiita.

"Mama Marthe," alisema siku ya kwanza, akikishika kwa vidole viwili, "hii njo ufunguo. Bila hii, ile yote ingine ni sanduku."

"Na mukiwasha bila hii, papa katibu?"

"Inaungua."

"Inaungua kabisa?"

"Moshi," alisema Josaphat, na akaweka panya kwenye leso safi, leso kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Muhuri, maskini, ulihamia kwenye kopo la biskuti ndani ya mtoto wa meza.

Kazi yao ikawa hivi. Marthe anapiga majina, tatata, kurasa mbili kwa nusu saa. Halafu Josaphat anakohoa, Marthe anasimama, Josaphat anaketi, anafungua leso, anachomeka mkia, na kuanza kuwinda. Mshale unakwenda juu, unapita, unarudi, unaanguka pembeni. Anainua panya, anampuliza tumboni, anaanza tena. Kuhifadhi ukurasa mmoja kulichukua dakika nne. Kutoa ukurasa kwenye imprimante, unaweza kupika fufu.

Na dakika hizo zote, Marthe yuko nyuma yake amesimama, mikono haina kazi. Josaphat alitazama mshale. Wageni waliochungulia mlangoni walitazama mshale. Marthe, ambaye maisha yake yote alisoma barua za wakubwa mpaka pembezoni, alitazama pembeni. Akaona. Kila amri katika ile menyu ilikuwa na herufi upande wa kulia, ndogo, wazi, za bure: Kuhifadhi, Ctrl na S. Kutoa kwenye karatasi, Ctrl na P. Kuchukua yote, Ctrl na A. Na kila neno lilikuwa na herufi moja iliyopigwa mstari chini, kama mwalimu anayekuonyesha kosa. Kila siku aliiba mbili, tatu, akaziandika kwa penseli nyuma ya kitabu chake cha nyimbo. Hakuna aliyeficha kitu. Kilikuwa kimeandikwa pale tangu kiwandani, na mji mzima ulikuwa unatazama mshale.

Siku moja Josaphat alipiga chafya, akageuka kutafuta leso, leso ikiwa imelaliwa na panya. Marthe alinyoosha vidole viwili. Ctrl, S. Imprimante haikulia, nyumba haikuungua. Taa ndogo ya ordinateri ikakonyeza, basi.

"Nani aligusa?" aliuliza Josaphat.

"Pengine yenyewe, papa. Ilichoka kungoja."

Katika darasa la pili walilala watu wa Lise. Lise alikuwa mwalimu wa Kabongo, mwembamba, mwenye ulimi. Familia sitini na tatu, watu mia tatu na kumi na wanane, walimchagua awe mdomo wao, kwa sababu njiani ndiye aliyewahesabu kila asubuhi na hakupoteza hata mmoja. Bati la darasa lilikuwa linavuja, na wiki ile surua iliingia. Watoto wanne tayari walikuwa na macho mekundu. Walichohitaji ni kitu kimoja: treni ya kwenda Lubumbashi, ambako wana ndugu, hospitali na paa.

Jumatano amri ikashuka kutoka base ya jeshi. Treni inaondoka Alhamisi, saa sita mchana, mabehewa sita yamewekwa kwa ajili ya watu. Anapanda yule tu ambaye jina lake liko kwenye orodha: orodha ya mashini, si ya mkono, kwa sababu za mkono zimezaa majina usiku, ipangwe kwa alfabeti, nakala nne, muhuri. Baada ya hapo mabehewa yanachukuliwa kubeba askari, na treni nyingine ya watu hakuna aliyeijua.

"Hakuna shida," alisema Josaphat. Majina yote yalikuwa tayari ndani ya mashini. Kesho asubuhi angeyapanga na kuyatoa.

Jumatano hiyohiyo mchana, nafasi moja ilipatikana kwenye ndege ya kwenda Lubumbashi, kwa mkutano wa makatibu. Nafasi ya ndege, bure, kwa mtu wa tai. Angerudi kesho saa mbili na ndege ileile. Alikimbia na koti lake.

Alhamisi saa mbili ndege haikurudi. Saa tatu haikurudi. Saa nne na nusu akaja luteni mmoja, kijana mwenye miwani, anabeba daftari chini ya kwapa, akasimama mlangoni.

"Mama, liste, ile orodha."

"Mwenyewe haiko, luteni. Ameenda."

"Minyi sikuulize mwenyewe. Nimeuliza liste." Alitazama saa. "Saa tano na nusu nikiwa bila liste ku gare, ninafunga milango ya mabehewa. Si roho mubaya. Ni amri."

Lise alikuwa nyuma ya luteni, amesikia yote. Aliingia, akaitazama ordinateri, akautazama ule uwazi nyuma yake ambapo mkia huchomekwa.

"Yaya Marthe," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ule panya uko wapi?"

"Lubumbashi. Mu mufuko ya koti."

"Alienda na panya ku mkutano?"

"Pengine alialikwa naye."

Lise alicheka mara moja, kicheko kifupi, halafu uso ukajifunga. "Watu wangu wameshafunga magodoro, yaya."

Marthe alikuwa anaogopa moshi. Usimcheke hapo, mtu mzima akiambiwa miezi mitatu kwamba kitu kitaungua, vidole vinasikia. Alitoka nje, akatazama kwenye groupe, ile jenereta ndogo chini ya dirisha: mafuta yalibaki lita moja na nusu, saa moja hivi, ikikohoa. Akamwita Lazare, shefu wa gare, rafiki wa marehemu mume wake, ambaye alikuwa amekuja kuuliza kwa nini watu hawajaanza kupanda.

"Lazare, treni inaweza kungoja?"

"Treni ya jeshi haingojaki muntu." Lazare alikuna kidevu. "Lakini filimbi yake naweza kuiona na ugonjwa. Filimbi ikiwa na ugonjwa, hakuna dereva anatoka. Dakika kumi na tano. Kumi na sita ni kifungo."

"Vuta kamba ya groupe."

Groupe ikanguruma. Marthe akaketi, akafungua kitabu cha nyimbo kwenye kurasa za nyuma, akawasha. Lise alisogea karibu na ndoo ya maji, kwa ajili ya ule moshi. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu, halafu kikaandika kwa Kifaransa, kwa adabu nzuri, kwamba hakikuona panya yeyote, na kwamba mtu akitaka kuendelea abonyeze Entrée.

"Njo vile tu?" aliuliza Lise.

"Njo vile tu," alisema Marthe, na sauti yake ikawa na hasira ya miezi mitatu. Akabonyeza Entrée.

Moshi haukutoka.

Ctrl na Échap: orodha ya mwanzo ikapanda kutoka chini kama mkeka unaokunjuliwa. Mshale wa kushuka, mshale wa kushuka, Entrée. Ctrl na O: mafaili. Hapo. Majina yote yalitokea, jinsi yalivyofika kutoka njiani, mchanganyiko, wa Jumatatu juu ya wa Jumapili. Kwenye kila mstari kulikuwa na jina la mkuu wa familia kwanza, halafu la mtu mwenyewe, ili familia isikatwe. Ctrl na A, yote yakawa meusi. Kibonye cha Alt kikaamsha menyu, na Marthe akafuata zile herufi zenye mstari chini, moja, nyingine, kama mtu anayepanda ngazi gizani akihesabu kwa miguu, mpaka kwenye neno la kupanga. Entrée.

Majina yakahama. Mia tatu na kumi na wanane, mara moja, bila kusukumana. Lise, aliyewahi kuwapanga watu haohao kwenye mto mmoja na mtumbwi mmoja, alishika kiti.

"Yaya. Wamesimama mstari."

Luteni, ambaye hakuwa ameondoka, alikuwa ameinama juu ya bega la Marthe, miwani puani. Kidole chake kikagusa kioo. "Na hii?"

Mwishoni mwa kila mstari Josaphat alikuwa ameandika neno la Kifaransa la mtu mzuri wa kanisa: réfugié, mkimbizi.

"Mama, réfugié ni muntu wa inchi ingine. Amri yangu: bantu ba inchi ingine bashuke. Hawa ni ba kwetu, ni déplacés. Nikifika na liste hii, ule wa kwenye mlango anashusha bote. Mia tatu."

"Unaona vile hawa ni ba Kabongo," Lise alisema. "Unatusikia tunasema Kiluba."

"Minyi ninawasikia. Karatasi haisikiaki."

Mara mia tatu na kumi na nane. Kwenye mashini ya chuma hiyo ni siku mbili. Marthe alilamba kidole, akageuza ukurasa wa kitabu cha nyimbo. Ctrl na H. Kisanduku kidogo kikauliza atafute nini, akaandika. Kikauliza aweke nini badala yake, akaandika. Lakini Marthe alikuwa na haraka ya dactylo. Vidole vilirudi kwenye maandishi kabla ya wakati, orodha ikiwa bado nyeusi yote, na kikagongwa kibonye kimoja, K.

Kioo kikawa cheupe. Palibaki K, peke yake, juu kushoto.

Nje, mtoto alikuwa akilia kwa surua, na groupe ilikohoa. Lise aliweka mkono kinywani. Luteni, mwenye amri zote, alivua miwani.

Marthe alitazama ile K. Uso wake ulikuwa baridi, lakini mkono wa kushoto ulishajua njia: chini ya ukurasa wa pili wa penseli, kitu alichoiba siku ya mvua na hakukielewa. Annuler, yaani kutengua, Ctrl na Z. Akabonyeza.

Wakarudi wote. Wakiwa mstari.

"Hiyo kidude," Lise alisema polepole, "kumbe inaweza kurudia nyuma. Basi uibonyeze tena, yaya, na Kabongo yetu irudie."

"Hii inarudisha tu ile vidole vyangu vimeharibu," Marthe alijibu. "Ile bengine baliharibu, tutaenda kubagongea mulango."

Akarudia Ctrl na H, sasa kwa mikono ya mtu anayebeba mayai. Kioo kikatoa taarifa: mabadiliko mia tatu na kumi na nane. Luteni alicheka kama mvulana. "Commandant wangu, kubadilisha neno moja ni wiki mbili."

Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Nakala nne, kurasa saba: imprimante ile ingekula saa nzima, na groupe ilikuwa inakunywa tone la mwisho. Hapo ndipo alipoamka yule Mama Tatata wa reli. Imprimante inapiga, si ndiyo? Inapiga kwa sindano. Kitu kinachopiga kinapita kaboni. Akafungua mkoba wake, akatoa kaboni tatu za zamani, zilizokunjwa ndani ya gazeti tangu enzi za reli, zimeng'aa kwa kutumika. Karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi. Akazipanga kingo kwa pigo moja la kiganja, akaziingiza kwenye imprimante. Ctrl na P. Ukurasa wa kwanza. Entrée.

Krrr-krrr. Kila ukurasa alitoa, akahamisha kaboni, akarudisha. Lise alipanga nakala nne mezani. Karibu kabisa na mwisho, groupe ikalia kama inayotaka kupiga chafya, ikanyamaza. Kioo kikazimika. Marthe akavuta ukurasa wa saba. Majina yalikuwa yameisha. Kilichokosekana ni mstari wa jumla tu.

"Jumla haiko," alisema.

Luteni alikusanya kurasa. "Jumla nitahesabu minyi mwenyewe, ku mlango ya behewa. Sasa muhuri."

Kisha Marthe akavuta mtoto wa meza. Hakuwa na kufuli mtoto huyo. Kopo la biskuti lilikuwa pale, halina hata kifuniko. Kabla panya hajaja, katika ofisi hii muhuri ulikuwa haujawahi kulala nje ya mfuko. Lakini Josaphat, alipokimbilia ndege, alikuwa na mfuko mmoja wa upande wa moyo, na akachagua. Alikwenda na panya asiyehitajiwa, akaacha ofisi nzima ndani ya kopo.

Marthe alipiga muhuri mara ishirini na nane, kwa nguvu, meza ikaruka.

Saa sita kamili, watu wakiwa bado wanapanda, filimbi ya treni ilipatwa na ugonjwa. Lazare alipanda kwenye injini na bisibisi, akaiinamia filimbi kwa huzuni kubwa. Luteni alihesabu mlangoni kwa sauti, behewa kwa behewa, na alipofika mia tatu na kumi na nane alifunga daftari. Lise alikuwa wa mwisho. Alikuwa ameandika zile herufi zote kwenye kipande cha karatoni, akakivaa shingoni kwa kamba kama wanafunzi wa darasa la kwanza.

"Nikifika, nitafundisha bengine," alisema.

"Weye hauna ordinateri."

"Nitatafuta. Na nikikuta imefungwa mu mufuko ya muntu, sitaangalia mufuko. Nitaangalia pembeni."

Dakika ya kumi na tano filimbi ikapona, na ikalia kwa afya nzuri kabisa.

Josaphat alirudi Jumamosi. Aliingia ametota jasho, akafungua koti, akafungua leso, akaweka panya mezani kama mtu aliyeleta dawa. "Watu bako wapi?"

"Bameenda, papa. Alhamisi."

"Na liste, nani alitoa?"

Marthe akamwonyesha nakala ya nne, ile iliyobaki ofisini, hafifu kama maji, yenye muhuri wake. Josaphat alisoma ukurasa wa kwanza mpaka wa saba. Akaangalia nyuma ya ordinateri kama kuna alama ya moto. Akaketi, na tai yake ikaketi pamoja naye.

"Iliungua?"

"Apana, papa."

"Hata moshi kidogo?"

"Hata."

Akamzungusha panya mezani. Kisha, bila kuinua macho, kwa sauti ya mwanafunzi: "Mama Marthe. Ile ya kutoa ku karatasi. Ni Ctrl na nini?"

Marthe akamfundisha. Jumatatu herufi zote zilikuwa ukutani, kwa wino mkubwa, mahali kila mtu anayeingia anapita. Alama za kalamu ni za Josaphat. Mwandiko mzuri, usimnyime sifa.

Sasa wewe. Umecheka, vizuri. Lakini kule unakofanya kazi kuna mtu mwenye leso, unamjua jina, na nyuma yake kuna Marthe amesimama, mikono haina kazi, na nje ya mlango kuna watu wamefunga magodoro wakingoja. Usiniambie kesho. Simama. Toa mkono wako juu ya panya, tazama upande wa kulia wa ile menyu, andika herufi zile kwenye karatasi, zibandike ukutani leo, kabla ofisi haijafungwa. Kisha mwite yule anayesimama nyuma, mketishe kwenye kiti chako, na mfundishe ya kwanza. Ni Ctrl na S. Anza.